Vyuo Viwili na Mguu wa Bibi

Majibu ya vyuo vyote viwili yaliingia wiki moja. La kwanza lilimkuta Sista wodini, na kwa jinsi zamu ilivyokuwa imewaelemea hakupata hata mtu wa kumwambia. La pili lilimkuta nyumbani, amepiga magoti mbele ya mama mkwe wake, mkono mmoja umeshika kisigino cha mguu wenye kidonda, mwingine umeshika chachi. Simu ikalia mezani. Binti yake mkubwa akaichukua na kuusoma ujumbe kimyakimya kabla hajaruhusiwa.

"Umepata, Mama," alisema. "Na hiki nacho umepata. Sasa una viwili."

Huyu binti waliyezoea kumwita Bosi alipewa jina hilo na baba yake tangu alipoanza kutamka maneno, kwa kuwa maneno yake ya mwanzo yote yalikuwa amri. Jina likaganda. Baba akawa Baba Bosi na mama akawa Mama Bosi, ingawa mtaani mama huyo alijulikana zaidi kama Sista, maana alikuwa muuguzi na kila mwenye homa aliujua mlango wake.

Sista alikuwa anakaribia miaka arobaini. Nusu ya umri huo aliitumia wodi ya wazazi, akisimama pembeni ya vitanda kumsubiri daktari ambaye mara nyingine alifika mama ameshakata roho. Safari ya mwisho ilipotokea hivyo, alirudi nyumbani, akafua sare yake, akaazima vitabu vya fizikia na kemia vya bintiye. Wakawa wanasoma meza moja. Bosi ndiye aliyemfundisha upya hesabu, tena kwa ukali, na alipokosea hakumwonea huruma.

Sasa alisimama, akaisoma simu mwenyewe mara mbili, kisha akapiga magoti tena kwa sababu kidonda kilikuwa wazi. Mama mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliuliza kuna nini. Masikio yake yalikuwa mazito, lakini watu wa nyumbani walijua uzito huo ulikuja na kuondoka kulingana na habari yenyewe. Sista akamwambia kwamba amekubaliwa kusomea udaktari.

"Udaktari wa kweli?" Bibi aliuliza. "Ule wa kupasua?"

"Wa kweli, Mama."

Bibi akaushika mkono wake wenye chachi, akaubana, akauachia uendelee na kazi.

Chuo kimoja kilikuwa hapo hapo mjini, cha binafsi, kipya, juu ya mlima, na ada yake ilikuwa ya kumfanya mtu akae chini. Kingine kilikuwa cha serikali, kikongwe, safari ya siku mbili kwa basi. Hicho cha serikali kilimlipia kila kitu, kwa sharti kwamba akimaliza atafanya kazi popote atakapopelekwa. Miaka mitano, na likizo mara mbili kwa mwaka.

Jioni mumewe aliporudi kutoka karakana, Bosi alimpokea na habari akiwa hajavua viatu. Baba Bosi alikuwa fundi wa kuchomelea, mtengenezaji wa mageti na madirisha, mtu wa maneno machache na mashati yaliyotobolewa na cheche. Alicheka kwa furaha, akampa mkewe mkono kama wanaume wanavyopeana, kisha akaona haya akamkumbatia. Walipokaa kula alisema ni bahati cha hapa mjini nacho kimekubali. Asubuhi Mama Bosi anakwenda, jioni yupo, mguu wa Bibi unafungwa, watoto wanamwona mama yao. Aliyasema hayo huku akijiongezea wali, na kwa namna alivyoyasema, suala likawa limekwisha. Hakuna aliyemuuliza Sista, na hata yeye mwenyewe hakuona kama kulikuwa na la kuuliza.

Walikwenda kukiangalia chuo wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Mumewe alisimama nje kwanza, akalikagua geti kubwa la chuo kwa kidole.

"Bawaba zimechomelewa kwa haraka," alinong'ona. "Mwakani litakuwa linalia kama mbuzi."

Ofisi ya uhasibu ilikuwa na kiyoyozi na kijana aliyevaa tai. Aliwakaribisha vizuri, akawaonyesha viti, akauliza mwanafunzi yuko wapi, au amebaki nje?

"Ni mimi," Sista alisema.

Kijana alitazama kompyuta yake, akamtazama Sista, akaitazama kompyuta tena. Akasema samahani, mara nyingi huwa ni wazazi. Hakuwa na ubaya wowote, na ndiyo maana iliuma. Aliwaeleza ada na tarehe za kulipa, na kila alipotaja kiasi alimwelekea Baba Bosi. Baba Bosi alikuwa ameificha mikono yake chini ya meza. Alikuwa ameisugua kwa sabuni ya unga asubuhi yote, lakini masizi ya kuchomelea huingia kwenye mistari ya viganja na hayatoki. Aliitikia kila kitu kwa kichwa, kama mtu anayezisikia habari hizo za fedha kila siku.

Sista aliomba kuona wodi. Kijana alishangaa kidogo, maana wengi huomba kuona maktaba, lakini akawapatia msichana mmoja wa mwaka wa tatu awatembeze. Wodi zilikuwa safi sana. Vigae viling'aa, mapazia yalikuwa mapya, na vitanda vilitandikwa vikanyooka. Vilikuwa vimenyooka kwa sababu hapakuwa na mtu juu yake. Katika wodi ya wazazi walimkuta mama mmoja tu, amelala, na wanafunzi saba wamemzunguka wakisubiri aamke.

Sista alimuuliza yule msichana ameshazalisha akina mama wangapi. Msichana alitazama nyuma kuona kama kuna mtu karibu.

"Kwa mkono wangu, bado," alisema. "Tunatumia mwanasesere. Gharama za hapa ni kubwa, dada, wagonjwa hawaji. Wanakwenda hospitali ya serikali."

Njiani kurudi Baba Bosi alikuwa na furaha. Alisema pale mtu hata akiugua anaona raha. Sista alikubali kwamba ni pasafi. Alikuwa anawaza vitanda.

Siku zilizofuata Baba Bosi aliondoka mapema na kurudi kimya. Alipoulizwa kuhusu ada alisema hilo aachiwe yeye. Sista alidhani anakusanya madeni ya wateja. Siku moja ya mapumziko yake alimpelekea mumewe chakula cha mchana karakana, jambo ambalo kwa kawaida alilifanya Bosi, na akamkuta mtu asiyemfahamu anavuta futi ya kamba kutoka ukutani hadi barabarani, huku mwingine akiandika.

Pembeni, kwenye kiti pekee cha karakana, alikaa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu wa kucheka na watu na mkarimu kwenye misiba, na miaka yote alikuwa akisema kwamba eneo lile la barabarani mdogo wake analichezea. Alimwamkia Sista kwa bashasha.

"Daktari wetu," alisema. "Njoo uone jinsi tunavyokusomesha."

Sista aliweka vyombo chini. Alingoja mpaka wageni wote wakaondoka, shemeji yake akiwa wa mwisho, ndipo akamuuliza mumewe wale watu walikuwa wanapima nini. Baba Bosi alianza kuipangua mashine yake ambayo haikuwa na tatizo.

"Kaka atatoa ada. Yote, mpaka umalize. Eneo linahamia kwake, mimi naendelea kufanya kazi hapa hapa."

"Kama nani?"

"Kama mimi."

"Kama kibarua wake," Sista alisema.

Baba Bosi alirudi kwenye skrubu za mashine yake. Karakana ile aliianza na nyundo na turubai. Kuta alizijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, kila geti lilipolipwa. Sista alikumbuka kwamba kuna mwaka hawakununua nguo kabisa kwa ajili ya bati zile zilizokuwa juu yao.

"Ulitaka nifanyeje?" mumewe aliuliza hatimaye. "Nikae nione nafasi inakupita kwa sababu mume wako hana?"

"Sijawahi kusema nakitaka cha hapa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na wote wawili wakalisikia. Alimwambia sasa yale aliyoyaona mlimani: vitanda vitupu, wanafunzi saba kwa mgonjwa mmoja, msichana wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kumpokea mtoto. Kule kwa serikali wagonjwa wanalala wawili wawili na wengine chini, alisema, na ni aibu ya nchi, lakini ndiko mtu anakojifunza. Hata kama cha mlimani kingekuwa bure, yeye angechagua kule.

Mumewe aliendelea kufuta kipande cha chuma ambacho kilikuwa safi tayari.

"Miaka mitano ni mingi, Mama Bosi. Utakula na watu wengine. Mtacheka mambo yenu ambayo mimi siyajui. Halafu urudi unikute na masizi haya haya, unione kama mtu uliyewahi kumfahamu zamani."

Sista hakumwambia kwamba hilo haliwezi kutokea. Hakulijua, na hakuwa na mazoea ya kumdanganya.

"Na nikibaki," alisema, "nikawa kila siku nakupita hapa unamfanyia kaka yako kazi kwenye eneo lako mwenyewe kwa sababu yangu, unadhani nitakuona vipi? Wewe utaniona vipi?"

Hapo mteja akaingia kuulizia dirisha lake. Sista akavikusanya vyombo. Chakula hakikuwa kimeguswa, akakirudisha chini.

Nyumbani hawakugombana, na hali ilikuwa nzito kuliko ugomvi. Baba Bosi aliongea na watoto, Sista akaongea na watoto, na mdogo wake Bosi, aliyekuwa darasa la pili, akageuzwa posta ya kupeleka na kuleta maneno. Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari. Mwambie mama yako nimeyaona. Sababu iliyobaki mdomoni mwa Baba Bosi, ile ambayo haikumtia aibu kuisema, ilikuwa mguu wa mama yake. Watoto wangekua na fedha zingepatikana, alimwambia Bosi, ila huo mguu nani ataufunga? Bosi alisema yeye. Baba yake akamkumbusha kwamba ana mtihani mwakani na kwamba siku aliyojaribu alianguka puu na kuamkia kitandani.

Bibi aliyasikia yote hayo kutoka chumbani kwake. Siku hiyo masikio yalikuwa mepesi.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, Sista ameshaandaa beseni, maji ya chumvi, chachi na bandeji. Bibi alimsimamisha, akasema amwite mwanawe. Baba Bosi alikuja akasimama mlangoni. Tangu mama yake alipoanza kuugua kisukari alizoea kusimama hapo, akiuliza amelalaje kisha akiondoka. Alikuwa analipa dawa bila kulalamika, lakini mguu wenyewe hakuwahi kuuona ukiwa wazi.

"Ingia," Bibi alisema. "Kaa hapo alipo mke wako."

"Mama, hiyo ni kazi ya..."

"Ya nani? Mguu ni wangu, na aliyetoka tumboni mwangu ni wewe. Huyu alitoka tumbo jingine."

Baba Bosi alimtazama mkewe. Sista alimwachia kigoda. Bibi alipandisha gauni lake mpaka chini ya goti, akageuzia uso ukutani. Yeye aliyekuwa hodari wa maneno alikuwa ameona haya. Tangu mwanawe awe mtu mzima hakuwahi kumwonyesha zaidi ya nyayo.

Sista hakugusa kitu. Alielekeza tu. Lowanisha kwanza bandeji ya zamani isije ikavuta ngozi. Futa kutoka katikati kwenda nje, usirudi nyuma. Tazama rangi: nyekundu hiyo ni nzuri, nyama inaota; ukiona nyeusi au ukisikia harufu, usisubiri kesho. Mikono iliyozoea kukunja nondo haikujua wepesi, na maji ya chumvi yakamwagika sakafuni. Mara moja alibonyeza kwa nguvu, Bibi akavuta pumzi kwa meno.

"Nimekuumiza, Mama?"

"Sikusikia kitu," Bibi alisema, uso bado ukutani. Ilikuwa kweli kwamba sehemu kubwa ya mguu ule haikuhisi tena. Ilikuwa kweli pia kwamba alikuwa analia.

Bandeji ilipofungwa ilionekana kama mguu umevaa mto. Baba Bosi aliitazama kazi yake kwa muda, akaifungua, akaifunga upya. Safari hii ilikaa. Ndipo akamwambia mkewe moja kwa moja, bila kumtumia mtoto, kwamba kesho amwonyeshe tena, na kesho kutwa, mpaka asihitaji kuonyeshwa.

Kwa kaka yake alikwenda peke yake. Alimshukuru, akasema hawatauza eneo, mama watoto anakwenda kule kwa serikali. Kaka mkubwa alisikitika kwa dhati, maana aliamini anawasaidia, lakini pia alikuwa ameshaliona ghala lake jipya kichwani. Mbele ya wateja dukani alisema hajawahi kuona mwanamume anaachwa na mke na kumfungia mizigo. Watu wakacheka. Baba Bosi alicheka nao kidogo, akanunua vijiti vya kuchomelea alivyovihitaji, akalipa, akatoka. Alipofika nyumbani hakulisema hilo kwa mtu. Sista alikuja kulisikia baadaye kutoka kwa jirani.

Asubuhi ya safari Bibi aligoma kutoka chumbani, akasema mguu unamsumbua. Sista aliingia kumuaga, wakakaa kitandani wameshikana mikono bila kusema la maana. Kituoni mtoto mdogo alilia, Bosi hakulia. Baba Bosi alipakia sanduku, akalijaribu kama limekaza, akalijaribu tena, akashuka. Basi lilipoondoka alibaki amesimama upande ambao mkewe hakuwepo, kwa kuwa alikuwa amekosea dirisha.

Haikuwa rahisi, na hawakudanganyana kwamba ni rahisi. Mshahara wa Sista ulisimama, friji likauzwa. Mtoto mdogo alirudi kukojoa kitandani kwa muhula mzima. Kule chuoni Sista alikaa darasani na vijana ambao angeweza kuwazaa. Walimwita Mama, wakamwazima kalamu, wakampita mitihani ya mwanzo. Wodini hakuna aliyempita. Mwezi wa nne Bibi alikatwa vidole viwili vya mguu. Baba Bosi aliona weusi na kusikia harufu, akamkimbiza hospitali siku hiyo hiyo, na daktari alimwambia angengoja ungekwenda mguu mzima. Mume alingoja mkewe amalize mtihani ndipo akamwambia. Sista alimlaumu sana kwenye simu kwa kumficha. Kisha akamuuliza aliujuaje weusi, naye akamweleza, kwa maneno yake ya kifundi, kwamba ulikuwa kama chuma kilichoungua, si kama chenye kutu. Sista alimwomba arudie maneno hayo, akayaandika pembeni ya daftari lake.

Likizo ya kwanza alifika mchana, hakuna mtu sebuleni. Viti vilikuwa vimehamishwa. Aliingia jikoni akafungua kabati la vikombe, akakuta mna sufuria. Bosi alirudi kutoka shule, akamrukia, akamng'ang'ania shingoni kwa muda mrefu, kisha akamkalisha kwenye kiti kizuri. Alimletea maji kwenye trei. Alimtolea taulo la wageni, lile jeupe, bado lina mikunjo ya dukani. Mdogo wake alikuja akamwamkia Sista kwa adabu kama anavyoamkiwa mwalimu, akasimama mbali kidogo kumchunguza, na ilichukua hadi jioni kabla hajamkalia mapajani.

Mumewe alirudi. Walisalimiana kwa mkono, wakacheka kwa kukumbuka, wakakumbatiana. Kisha alikwenda kunawa mpaka kwenye viwiko kama wanavyonawa watu wa chumba cha upasuaji, akaingia kwa mama yake. Sista alimfuata. Bibi alimfurahia, akamsifu kwamba amenenepa, jambo ambalo halikuwa kweli. Lakini Sista alipoinama kuchukua chachi, Bibi aliuvuta mguu wake upande wa mwanawe.

"Mwache amalize," alisema. "Huyu ndiye anayeujua."

Sista alisimama kando ya ukuta, mikono mitupu. Mumewe alifuta kutoka katikati kwenda nje, bila kurudi nyuma. Hakukosea kitu. Sista alitaka iwe hivyo, aliomba iwe hivyo, na bado akajikuta anakunja upya bandeji iliyokuwa imekunjwa tayari.

Baada ya chakula alisimama kuosha vyombo. Bosi akamnyang'anya sahani.

"Mama, wewe kaa. Sisi tuna zamu zetu."

"Zamu gani?"

Bosi alizitaja kwa vidole: nani anapika lini, nani anafua, nani anafagia uwanja, nani analala chumba cha Bibi. Baba yake alikuwa na siku tatu za jikoni. Mtoto mdogo alikuwa na viatu na takataka. Hapakuwa na pengo popote, na Bosi alipofika mwisho naye akaliona hilo, akabaki na kidole chake hewani.

"Basi nipangieni na mimi," Sista alisema.

"Uko hapa kwa wiki mbili tu."

"Nipangie za wiki mbili."

Bosi alimtazama baba yake. Baba Bosi alikuwa amejiegemeza mlangoni, anatabasamu chini chini, na hakusaidia. Binti alifikiri sana, kwa uso ule ule wa siku za hesabu.

"Kuna Alhamisi," alisema. "Lakini ni ya kuosha choo."

"Nipe," mama yake alisema. "Na Alhamisi nyingine?"

"Tutaona utakavyoiosha ya kwanza."